Nilimtuma Chumvi Ugenini

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Sisemi hivyo kwa majivuno, ingawa hata ningejivuna nina haki yangu. Nimezaliwa kijiji cha jirani na Kalenga, shule nimeachia darasa la nne, na leo ukisimama Ubaruku ukauliza mashine za kukoboa mpunga za yule Mhehe ziko wapi, hata mbwa atakuonyesha njia. Kabla ya mpunga nilikuwa Makongolosi nachimba dhahabu. Siku moja shimo likatuangukia, nikakaa chini ya udongo tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Waliponitoa nilinawa uso nikaomba ugali. Wenzangu wanalia, mimi nakula. Kwa hiyo mtu akinisimulia jambo la kutisha, huwa namsikiliza kwa adabu tu.

Nilipoamua kuhamisha familia kwenda Zambia nililichukua jambo hilo hivyohivyo. Mchele wangu ulikuwa unavuka Tunduma kila wiki, nikaona kwa nini mchele uvuke na mwenyewe nibaki? Nilikuwa na mteja Lusaka, mtu wa tai na magari mawili, akaniambia twende pamoja, tufungue ghala kubwa, kila mtu aweke fungu lake. Hilo la kwanza. La pili ni Kiingereza. Nimeshakaa kwenye vikao vya wafanyabiashara, watu wanaongea Kiingereza, wakicheka na mimi nacheka, wakinyamaza na mimi nanyamaza. Nikaapa watoto wangu hawatacheka kwa kufuata wenzao. Ninao wawili, mabinti wote. Mkubwa ana miaka kumi na minne, mdogo saba.

Mke wangu hakukataa. Yeye ni mtoto wa wafugaji, Wasukuma walioteremka na ng'ombe mpaka mbuga za Usangu wakati yeye yuko mgongoni kwa mama yake. Kuhama kwake si habari. Alichosema ni kimoja tu.

"Mahali penyewe utapachaguaje?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, mimi nimenunua mpunga miaka mingapi? Si kwa bambo?"

Kwa asiyejua, bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ndani, unakichoma kwenye gunia, kinatoka na punje za ndani. Muuzaji mjanja anajaza mpunga mzuri mdomoni mwa gunia, chini anaweka takataka. Mimi nachoma juu, nachoma tumboni, nachoma chini. Hakuna aliyewahi kuniuzia takataka mara mbili. Nikamwambia na miji ni hivyohivyo, nitaichoma bambo.

"Baba yangu hakuwa na bambo," akasema. "Akitaka kuhamia mahali, alikwenda kwanza na ng'ombe mmoja na ndama wake. Analala pale siku mbili. Siku ya tatu anamwachia ndama asubuhi aende anakotaka. Jioni ndama akirudi mwenyewe, baba anatuita tuje. Asiporudi, anamtafuta, anamfunga kamba, wanaondoka."

"Na fisi je?"

"Ndiyo maana alikuwa anaogopa siku nzima. Alikuwa hali chakula mpaka ndama arudi. Wewe huogopi, ndicho kinachonitisha mimi."

Nilimwambia mzee yule, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini mimi sihamii porini. Ila maneno yale yaliniingia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuogopa, sikujua tu kama ndiyo woga wenyewe. Nilikuwa nashtuka nikiwaona watoto wanacheza nyuma ya nyumba. Nawaza, hawa nawapeleka wapi? Nikifa kule nani atawaambia wao ni wa nani? Makongolosi nilipofukiwa nilihofia kifua changu tu. Woga wa kifua chako mwenyewe ni mdogo, unaweza kuumeza na ugali. Huu mwingine haumezeki.

Shule zilipofungwa tukaondoka wote wanne kwa gari yangu. Mteja wangu alikuwa na nyumba yake ya kupangisha, tupu, yenye fanicha, akasema tukae humo siku chache bure, tuonje. Tukiipenda, Jumatatu tunasaini mkataba. Nikaona huyu ndiye mtu wa kufanya naye kazi, anakuachia gunia ulichome mwenyewe.

Nyumba ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Vyumba vinne, maji ya moto ukutani, jikoni kwa kupotea. Mtaa wote umezungushiwa ukuta, unaingia kwa kizuizi chenye mlinzi. Ndani kila nyumba ina ukuta wake tena, na juu ya ukuta nyaya za umeme, na geti jeusi la chuma. Mageti yote meusi. Lami safi, imefagiwa, haina mtu.

Binti mdogo siku ya kwanza alisimama katikati ya barabara akageuka pande zote. "Baba, watu wako wapi?"

"Wako ndani."

"Wanafanya nini?"

"Wanapumzika. Matajiri wanapumzika."

Mimi mwenyewe sikupumzika. Nilizoea Ubaruku, mashine inalia, wapakiaji wanatukanana, mama lishe anakuita mkwe. Nyumbani kwangu Uyole, Mbeya mjini, ukikohoa, jirani wa Kinyakyusa anauliza juu ya ukuta kama umelala salama. Pale nilikuwa nasikia nyaya tu, zinanguruma polepole kama nyuki waliofungiwa. Nikawaambia watu wangu huo ndio usalama. Nilisema kwa sauti kubwa, kama ninavyosema bei ninayojua haitashika.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikuwa anapika maharage, akakuta chumvi imekwisha. Mwisho wa mtaa, ndani ya ule ukuta, kulikuwa na duka dogo. Tulikuwa tumelipita kwa gari. Akavua kanga ya jikoni ili aende.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kule hawezi kulifanya, ila mtu wa kwetu analifanya kila siku na wala si kosa. Nilimtuma mtoto.

Kwetu mtoto wa miaka saba asiyetumwa dukani watu wanauliza kama anaumwa. Huyu wangu Ubaruku alikuwa anatumwa tangu ana miaka mitano, na mimi, na mama yake, na fundi mashine, na bibi wa jirani asiyetuhusu kwa lolote. Anakwenda anaimba, anarudi na chenji. Nikasema moyoni, mke wangu anataka ndama, basi ndama huyu hapa. Atarudi na chumvi, Jumatatu nasaini, maneno yaishe.

Nikachomoa noti mfukoni bila kuiangalia, nikampa. "Chumvi. Umesikia? Na usipoteze chenji, ukipoteza utakiona."

"Naam, baba."

Mke wangu alitoka na mwiko mkononi. "Umemtuma mtoto?"

"Duka liko pale."

Akazima jiko, akaja kusimama getini. Tukasimama. Mimi nikajifanya naangalia komeo la geti, nalifunga, nalifungua. Mtoto alikata kona mwisho wa mtaa. Tukaendelea kuangalia ile kona mpaka macho yakaanza kunidanganya, naona kitu kinakuja, kumbe ni kivuli cha mti.

"Amechelewa," mke wangu akasema.

"Foleni."

"Foleni ya nani? Umeona mtu?"

Nikaenda. Mwanzo nilitembea, mtu mzima hakimbii bila sababu. Muuza duka alikuwa kijana na simu. Nikamwonyesha kwa mkono urefu wa mtoto, nikasema chumvi, chumvi, nikajifanya namwaga kitu kwenye sufuria. Akaelewa. Akaonyesha nje, kushoto. Sisi tunakaa kulia.

Nikatoka kushoto. Mtaa. Mageti meusi. Nikakata kona, mtaa mwingine, mageti meusi. Nikaelewa palepale, kama mtu aliyemwagiwa maji. Mtoto alikuwa anatafuta geti jeusi. Ubaruku angemwuliza yeyote, kwa baba ni wapi, angeshikwa mkono. Sisi tunadhani tunawatuma watoto wenyewe. Kumbe barabara nzima ndiyo inayowapeleka na kuwarudisha. Mimi nilimpeleka mahali pasipo na barabara, kuna lami tu.

Niliita jina lake. Mbwa wakajibu. Nyuma ya kila geti mbwa, na sauti zao si kama za mbwa wa kwetu wanaoomba ugali. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshanifikia, anahema. Nikamwambia bonyeza kengele, ongea Kiingereza. Akabonyeza. Sauti ikatoka kwenye kidude ukutani, mtu hatumuoni. Akaeleza. Ile sauti ikasema neno moja, ikakata.

"Amesemaje?"

"Amesema hapana, baba."

"Hapana nini?"

"Hapana tu."

Geti la pili, hapana. La tatu kimya. Niliyalipia yale maneno karo ya shule ya bweni, na pale getini yalikuwa hayanunui kitu. Nilimwambia, "Sema tutalipa! Waambie baba yako ana pesa!" Akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau, akasema, "Baba, hawafungui."

Mlinzi wa kizuizi alitueleza, kwa kupitia binti, kwamba yeye anaandika magari. Mtoto mdogo ndiyo, alipita kwa miguu chini ya ule mti wa kizuizi, kashika kitu, analia. Hakumzuia. Watoto hawaandikwi.

Nje ya kizuizi ni barabara kuu, malori mawilimawili, yale yanayobeba shaba. Nikaona watu wamejikusanya ng'ambo, kichwa kwa kichwa, wanaangalia chini. Nitasema ukweli. Miguu ilikataa. Mimi niliyebeba magunia ya kilo mia kwa ujira wa siku, nilishindwa kubeba miguu yangu mwenyewe. Nilimshika binti bega nikamwambia nenda wewe uangalie. Mtoto wa miaka kumi na minne. Halafu nikaona nimemtuma na huyu, nikamvuta nyuma, nikavuka mwenyewe, lori likapiga honi mpaka masikio yakaziba.

Lilikuwa gunia la mkaa limepasuka. Watu walikuwa wanaokota mkaa.

Nikainama nikashika magoti. Nilipoinua uso nikaona soko. Vibanda vya mbao, mahema ya plastiki, kabichi, dagaa, moshi wa mahindi, makelele. Na katikati ya makelele, juu ya meza ya nyanya, binti yangu mdogo ameketi. Siyo nyuma ya meza. Juu, katikati ya mafungu ya nyanya, miguu inaning'inia, kama kitu kinachouzwa.

Nilipaza sauti nikakimbia kumchukua. Mkono ukanigonga kifuani. Mwanamke mnene, kitenge kiunoni, kisu cha kukatia kabichi katika mkono mwingine.

Nikasema mfululizo kwa Kiswahili, mtoto wangu, mtoto wangu. Akanisikiliza, kisha akanijibu kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika cha watu wanaokwenda Nakonde mpakani kununua dagaa.

"Wewe nani kwa mwana huyu?"

"Baba yake!"

"Kila mwanaume ni baba." Akamgeukia mtoto. "Mama, huyu unajua?"

Mtoto akaniangalia. Kifuani alikuwa amekumbatia pakiti ya chumvi iliyotoboka, gauni lote jeupe kwa mbele. Baadaye ndiyo alitueleza mbwa alimkimbiza kandokando ya geti, akaanguka. Lakini pale nilichokiona ni kwamba aliniangalia, akaangalia ile pakiti, akafunika uso kwa mikono miwili.

Nikahisi watu wanasogea nyuma yangu. Kijana mmoja akasema kitu, mwingine akajibu, na neno moja likaanza kurudiwa kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Silijui, lakini nililielewa. Mgeni, mtu mzima, jasho linamtoka, anavuta mtoto asiyemtaka. Hata kwetu Uyole mtu huyo angepigwa kwanza, ndiyo aulizwe. Mtu akanishika kola ya shati kwa nyuma.

Yule mama akainua kisu, siyo kwangu, kwao, wakatulia. "Nauliza mimi. Ulimtuma nini?"

"Chumvi!"

"Chumvi kila mtu anaona." Watu wakacheka kidogo, kicheko kisicho na utani. "Ulimpa pesa ngapi? Mwana ameshaniambia."

Nikafungua mdomo.

Mimi najua kila kilo iliyotoka mashineni kwangu. Mpakiaji akiniibia kibaba nakiona kwenye mwendo wake. Ninaweza kukuambia debe la mpunga liliuzwaje mwaka niliooa. Na nilisimama pale, mtu amenikaba kola, sikujua nimempa mtoto wangu pesa ngapi. Nilichomoa noti kama tajiri. Kwacha mia? Hamsini? Zote zilikuwa ngeni machoni mwangu, nilizijua kwa rangi tu, na rangi sikuiangalia.

"Mia," nikasema.

Yule mama akatikisa kichwa polepole. "Siyo."

"Hamsini."

"Unataja kama mnada."

Mkono wa kolani ukakaza. Binti yangu mkubwa alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza, wengine wanamsikiliza, wengine wanamnyooshea kidole kana kwamba naye kaibiwa. Nikasema moyoni, basi, hapa. Niliponea kwenye udongo wa Makongolosi nije nifie kwenye nyanya, mbele ya watoto wangu.

Ndipo nikasikia ule mlio. Wafugaji wanaujua, ulimi unapigwa juu ya kaakaa, mara tatu, halafu mruzi mfupi. Baba mkwe alikuwa anaitia ndama kwa mlio huo, na mke wangu amewaitia watoto wetu wote wawili tangu wanatambaa. Nilikuwa namkataza, namwambia hawa siyo mifugo. Alikuwa amesimama ng'ambo ya umati, kanga ya jikoni begani, hajakimbia, hajapiga kelele. Akaurudia.

Mtoto akafunua uso. "Mama!"

Akaruka. Hakushuka, aliruka, kupitia mafungu ya nyanya, zikapasuka, zikabingirika, akatua kwenye kifua cha mama yake, naye mke wangu ndipo akavunjika. "Ng'wana wane, ng'wana wane," kwa Kisukuma, mwanangu, mwanangu, mpaka wote wawili wakawa wekundu kwa nyanya na weupe kwa chumvi. Ule mkono ukaniachia. Kijana mwenyewe akaninyoosha kola, akanipiga bega, akasema neno. Bila shaka ni pole.

Nilitaka kuondoka haraka. Yule mama akanizuia tena.

"Nyanya zangu?"

Nikatoa bunda nikalinyoosha lote, chukua unachotaka. Hakulishika. "Hesabu," akasema. "Hesabu leo. Umejifunza." Nikahesabu, noti moja moja, natafuta namba kama mtoto wa darasa la kwanza, na yeye anasubiri, na foleni ya wateja inasubiri. Nilipomaliza nikamwuliza kwa nini alimweka mtoto juu ya meza.

"Nimweke wapi? Ndani? Mwana wa watu akipotea unamweka juu, anayemtafuta amwone. Na akionekana unauliza." Akaanza kupanga mafungu upya. "Mkeo sikumwuliza kitu. Uliona."

Niliona.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kizuizi mlinzi akatupungia mkono. Getini mke wangu alisema, bila hasira, "Ndama hakurudi mwenyewe."

"Hakurudi," nikamjibu. "Lakini huku walimwacha apite. Kule sokoni walikataa kunipa. Mimi, baba yake."

Akafungua geti, akawaingiza watoto kwanza.

"Nataka watoto wangu wakae mahali ambapo hata mimi nikiwafuata naulizwa," nikasema. Ni maneno niliyoyasema mwenyewe, sikuyasoma popote.

Jumatatu sikusaini. Mteja wangu alicheka mpaka akalegeza tai. "Bosi mzima unakwenda kupanga nyuma ya soko?" Nikamwambia ghala tutafungua palepale lakini mimi nitalala karibu na nyanya. Nyumba yetu sasa ina bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, na geti la mbao ambalo halifungi vizuri. Mdogo anaongea Kinyanja cha sokoni kama amezaliwa nacho. Anamsaidia yule mama mafungu Jumamosi. Mkubwa ananifundisha kusoma vibao.

Sijaacha kuogopa. Kila mtoto akitoka nje ya lile geti, mimi chakula hakishuki mpaka arudi, na sasa namwelewa mkwe wangu aliyekuwa akishinda njaa. Nikimtuma mdogo naitazama noti, naitaja kwa sauti, naye anairudia, ndipo anakwenda. Siku ile, nilikuja kujua tulipofika ndani, nilimpa kwacha ishirini. Chenji alikuwa nayo yote kumi na mbili, imelowa jasho kwenye ngumi. Hakuipoteza.

Nikirudi Ubaruku watu wananizunguka mashineni. Wanasema tajiri, kuhamia nje kumekula kiasi gani? Wanangoja mamilioni, na mimi kwa kawaida yangu ningewapa mamilioni. Lakini hesabu hii naijua, maana niliihesabu mwenyewe noti kwa noti. Chumvi nane, nyanya thelathini na tano. Kupata mahali pa kukaa na wanangu kumenigharimu kwacha arobaini na tatu.